Nimepunguzwa kazini: niuze nyumba ya familia tukaione dunia?

Swali

"Nina miaka 54. Nilifanya kazi kwa mwajiri mmoja miaka 23, na miezi miwili iliyopita idara yetu ikafutwa. Nimelipwa kiinua mgongo changu chote. Nyumba yetu tuliipata kwa mkopo, na deni lililobaki ni dogo. Mtoto wa kwanza anajitegemea, wa pili yuko mwaka wa mwisho chuoni. Tangu ujana nimetamani kusafiri, sasa naona mlango umefunguka: tuuze nyumba, tuzunguke dunia miaka miwili, tukirudi tutajua pa kuanzia. Nyumba yenyewe imekuwa kubwa kwetu, na kila asubuhi inanikumbusha saa niliyokuwa nikitoka kwenda kazini. Mke wangu nilipomweleza alisema tu, 'Wewe ndiye unayejua.' Mnunuzi ameshapatikana, anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Nikubali?"

Jibu

Ndugu yangu, kwanza pole. Miaka 23 ni umri wa mtu mzima. Umepoteza mshahara, umepoteza pia watu uliokuwa ukiwasalimia kila siku na sababu ya kuamka mapema, na hayo hayamo kwenye hesabu ya kiinua mgongo.

Jibu nalitoa mapema ili usisome kwa wasiwasi. Mnunuzi huyu usimuuzie. Safari usiiache. Nyumba ipangishe, safirini miezi sita badala ya miaka miwili, na suala la kuuza lipangie tarehe yake baada ya kurudi. Najua neno "subiri" ni chungu kwa mtu aliyesubiri tangu ujana, kwa hiyo nitajieleza kwa kirefu.

Kuna sentensi moja katika barua yako niliyoirudia: ile ya asubuhi. Katika kazi hii ya kushauri familia kuhusu fedha, waliopunguzwa kazini karibu wote huitaja asubuhi. Wapo wanaoendelea kuvaa na kutoka saa ile ile, wakakae popote hadi jioni, ili majirani wasiwaone nyumbani mchana. Aibu hiyo hawakustahili kuibeba, kwa sababu idara kufutwa si kosa la aliyekuwa ndani yake. Lakini ipo, na inauma kweli. Ninachoogopa ni kwamba unataka kuiuza nyumba ili uiondoe asubuhi. Asubuhi haimo ukutani, ndugu yangu. Utaamka saa ile ile katika chumba cha wageni upande wa pili wa dunia, na wiki za mwanzo utajiuliza swali lile lile: leo nakwenda wapi?

Mwaka 1967 madaktari wawili wa akili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha na uzito wa kila moja kwa afya ya mtu. Kufiwa na mwenzi wa ndoa kulipewa alama 100, ndoa 50, kuachishwa kazi 47, kubadilika kwa hali ya fedha 38, kuhama makazi 20. Hata likizo ina alama 13. Sikupi orodha hiyo nikutishe. Nataka uone kwamba mzigo wa kwanza bado uko mabegani, na unajiandaa kujitwisha mingine mitatu kabla hujautua. Uamuzi mmoja mkubwa kwa wakati mmoja unatosha.

Barua yako imefunga vitu vitatu kwa kamba moja: kazi iliyokwisha, safari uliyoitamani, na nyumba iliyowazidi ukubwa. Ifungue. Jiulize hivi: kama idara yenu isingefutwa, mngeuza nyumba hii mwaka huu? Ikiwa jibu ni ndiyo, yaani mlishaanza kuzungumza kuhamia nyumba ndogo hata kabla ya barua ile ya mwajiri, basi kuna hoja ya kweli ya kuuza na nitaifikia. Ikiwa jibu ni hapana, nyumba imeingizwa katika ugomvi usioihusu.

Sasa tuingie kwenye hesabu, na nitakuomba uweke fedha za nchi yako pembeni utumie kipimo kingine. Chukua gharama zote za nyumbani kwako kwa mwezi mmoja wa kawaida: chakula, umeme, maji, usafiri, simu, matibabu. Jumla hiyo iite "mwezi". Kisha pima kila kitu kwa miezi. Mtu akipokea kiinua mgongo huona tarakimu ndefu akadhani ametajirika. Akikigawa kwa matumizi ya mwezi ndipo anaona ni muda gani amenunuliwa.

Tuseme kiinua mgongo chako ni miezi 26 na nyumba ina thamani ya miezi 200. Hizi ni tarakimu zangu za mfano, wewe utaweka zako. Ukiuza utamlipa dalali, mwanasheria, ada za kubadilisha hati, pengine na kodi ya serikali. Tuseme asilimia 8 imeondoka. Umebaki na miezi 184. Deni lililobaki tuseme ni miezi 9, na karo ya mwaka wa mwisho wa mtoto ni 4.

Miaka miwili ya kuzunguka. Kwa watu wawili wanaolala vyumba vya kulipia na kupanda ndege, mwezi mmoja njiani unaweza kugharimu miezi miwili na nusu ya nyumbani. Miezi 24 ya safari inameza miezi 60. Jumlisha 184 na 26, ondoa 60, ondoa deni 9, ondoa karo 4. Mnarudi na miezi 137. Inaonekana nyingi, sivyo? Ila sasa hamna nyumba, na kila mwezi una mlango mpya wa kutokea fedha, nao ni pango. Mkipanga nyumba ndogo ambayo pango lake kwa mwaka ni sawa na miezi 5, kila mwaka utameza miezi 17. Hata tukichukulia kwamba riba ya benki itafidia mfumuko wa bei sawasawa, na kwamba hakuna kipato kingine kinachoingia, miezi 137 inakwisha baada ya miaka 8 hivi. Ulirudi na miaka 56. Utakuwa na 64, bila nyumba na bila akiba. Au mnunue nyumba ya nusu ya thamani ya hii, mbaki na miezi 37 hivi, yaani miaka mitatu na kidogo. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu hili lilijaa kwa miaka yote ile ya makato ya mkopo.

Mtu atakwambia fedha ya nyumba haikai bure, inawekezwa. Ni kweli. Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alipitia takwimu za masoko ya nchi yake tangu 1926. Aliona kwamba mstaafu aliyechanganya hisa na hati fungani, yaani fedha unayoikopesha serikali au kampuni kwa riba, akatoa asilimia 4 ya mtaji mwaka wa kwanza na kuongeza kiasi hicho kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei, fedha yake ingedumu angalau miaka 30. Kanuni hiyo ilijengwa juu ya soko moja, usiichukue kama ahadi. Lakini kama kipimo inafaa: asilimia 4 ya miezi 184 ni miezi 7 na theluthi kwa mwaka. Nyumba hiyo hiyo ukiipangisha kwa pango ambalo kwa mwaka ni asilimia 5 ya thamani yake, linaingia pango la miezi 10. Ondoa matengenezo, wiki za kukosa mpangaji, malipo ya msimamizi na kodi ya serikali, tuseme 3. Zinabaki 7. Kwa hiyo, kwa tarakimu hizi, kuuza na kupangisha vinakulisha karibu sawa, na aliyepangisha bado ana nyumba ya kurudi kulala.

Safari ya miezi sita sasa. Miezi 6 njiani inagharimu 15. Karo 4. Marejesho ya mkopo kwa nusu mwaka, tuseme mwezi mmoja na nusu. Pango linaleta miezi 3 na nusu. Kutoka 26, mnarudi na miezi 9 mkononi, deni limepungua, mtoto amemaliza chuo, na una muda wa kutafuta kazi au kuanzisha shughuli bila kukimbizana na njaa. Safari ilipwe na kiinua mgongo na pango. Ikishahitaji kuta za nyumba ili ilipike, imekuwa kubwa kuliko uwezo wenu, ifupisheni. Na msiposafiri kwa pupa, gharama hushuka: mkikaa mji mmoja mwezi mzima, mkapika wenyewe, mnalipa kidogo kuliko wanaobadilisha hoteli kila baada ya siku tatu, na mnaona zaidi.

Kuna jambo ambalo watu wa umri wako hawaambiwi mapema. Nyumba ile uliipata kwa sababu ulikuwa na hati ya mshahara. Benki haitazami tabia yako wala ukweli kwamba hukuwahi kuchelewesha rejesho. Inatazama kipato cha mbele na miaka iliyobaki kabla ya kustaafu. Mtu wa miaka 56 asiye na ajira akiomba mkopo wa nyumba, milango mingi imefungwa. Ndiyo maana nasema kuuza leo si sawa na kuuza ulipokuwa na miaka 40. Wakati ule ungeuza ukanunua tena. Sasa hivi, ukitoka, huenda usiingie tena isipokuwa kwa fedha taslimu.

Nina hoja moja inayonipinga, na sitaificha. Mwaka 2002 wanasaikolojia Daniel Gilbert na Jane Ebert walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa upigaji picha pale Harvard. Wanafunzi walichagua picha moja kati ya mbili walizozitengeneza. Baadhi waliambiwa wanaweza kubadilisha mawazo baadaye, wengine wakaambiwa uchaguzi ni wa mwisho. Walioruhusiwa kubadilisha ndio walioishia kuipenda picha yao kidogo. Kuacha mlango wazi kuna gharama yake: moyo hautulii. Unaweza kupangisha nyumba na bado ukawa njiani unawaza, tuuze, tusiuze, mpaka safari yenyewe usiione. Kwa hiyo nilipotaja tarehe nilimaanisha tarehe iliyoandikwa. Chagueni siku, tuseme miezi mitatu baada ya kurudi, muiandike kwenye karatasi muiweke pamoja na hati ya nyumba. Hadi siku hiyo suala halijadiliwi, si kwenye simu na watoto, si usiku wa manane uwanja wa ndege.

Kupangisha nako kuna kazi yake. Kama mkopo haujaisha, soma mkataba: wakopeshaji wengi hutaka uwaarifu au uombe ruhusa kabla nyumba haijaingia mpangaji. Bima ya nyumba ya mwenye kuishi humo haifanani na ya mpangishaji, ibadilishe. Ukifikiria kuiacha imefungwa, jua kwamba bima nyingi hupunguza au kuondoa kinga nyumba ikikaa tupu mfululizo siku 30 au 60. Wasiliana pia na mtu wa kodi kabla ya kuamua, kwa sababu katika nchi nyingi anayeuza nyumba aliyoishi mwenyewe hupata msamaha ambao hupotea akiipangisha muda mrefu. Marekani, kwa mfano, muuzaji lazima awe ameishi humo angalau miaka 2 kati ya 5 ya mwisho. Australia humruhusu mtu kuhesabu nyumba kuwa makazi yake hadi miaka 6 tangu aanze kuipangisha. Miezi sita haigusi mipaka kama hiyo. Kupangisha bila mwisho kunaigusa, na hapo tarehe yenu itawasaidia tena.

Muda wa mkataba ndio utakaokusumbua zaidi. Wapangaji wazuri hutaka mwaka, nanyi mnaondoka nusu mwaka. Mnaweza kupangisha ikiwa na samani kwa mtu aliyekuja kikazi kwa muda, au mkubali mwaka mzima na mkirudi mkapange pahala padogo miezi iliyobaki. Hilo la pili mimi nalipenda, kwa sababu litawajibu lile swali la nyumba kubwa. Mtakuwa mmeishi katika vyumba viwili kwa miezi sita, na mtajua kwa miili yenu kama vinawatosha watoto wakija wote kwa pamoja. Msimamizi awe mtu anayelipwa na mwenye mkataba. Ndugu asiyelipwa huona haya kumdai mpangaji, nawe utaona haya kumdai ndugu.

Ya njiani nitayapitia haraka. Bima ya afya uliyokuwa nayo kupitia kazi huenda imekwisha au inakwisha karibuni. Uliza tarehe leo hii. Bima ya safari iwe inalipia kusafirishwa mgonjwa hadi nyumbani, na kama mmoja wenu ana shinikizo la damu au kisukari liandikwe wazi kwenye fomu, kwa sababu ugonjwa uliofichwa ndio kisingizio cha kwanza cha kukataa kulipa. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 mbele. Eneo la Schengen lenye nchi 29 za Ulaya humruhusu mtalii siku 90 tu ndani ya kila siku 180, na siku hizo huhesabiwa kwa eneo zima. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, tangu 2016, hudumu maisha yote, kwa hiyo kile cha zamani usikitupe. Na mwachie mtu mnayemwamini hati ya kisheria ya kusaini kwa niaba yenu, jambo likitokea mkiwa mbali.

Mwenda tezi na omo marejeo ngamani. Wazee wa baharini walilisema hili kwa sababu chombo kina mwisho wake, na mtu akishachoka kutembea juu yake hurudi alikoweka vitu vyake. Wanaouza kila kitu wakasafiri husimulia zaidi siku ya kuondoka. Mimi hukutana nao siku ya kurudi, wanapojaza fomu yenye sehemu ya anwani na kalamu inasimama.

Sasa mke wako. "Wewe ndiye unayejua" si ndiyo, ndugu yangu. Ni maneno ya mtu aliyekuona ukiumia miezi miwili na hataki kukuongezea jeraha kwa kukukatalia. Pengine na yeye anatamani kusafiri. Pengine anafikiria mtoto wa chuo atarudi wapi akimaliza, au wazazi wake, au mti alioupanda. Mimi sijui, na nikisoma barua yako naona nawe hujui, kwa sababu umeniandikia mistari mingi kuhusu nyumba na mstari mmoja kumhusu yeye. Katika nchi nyingi sheria haikuruhusu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa yake ya maandishi, lakini usimfikishe mahali pa kuulizwa na mwanasheria kitu ambacho wewe hujamuuliza. Kaeni bila watoto na bila simu. Usianze na mpango wako. Muulize: "Wewe ungependa miezi sita ijayo iweje?" Kisha nyamaza, hata kimya kikirefuka. Akikwambia hataki kusafiri kabisa, hiyo ni habari kubwa kuliko bei ya nyumba.

Nilikuahidi hoja za kuuza. Uza, hata mwaka huu, ikiwa marejesho ya mkopo yanakushinda na benki iko karibu kuishika nyumba, maana nyumba iliyouzwa na mwenyewe hupata bei nzuri kuliko iliyopigwa mnada. Uza ikiwa matengenezo yake yanakula zaidi ya pango inaloweza kuleta. Uza ikiwa nyote wawili, kila mmoja kwa kinywa chake, mlishakubaliana kuhamia padogo, na hapo nunueni hicho kidogo kwanza, safari ilipwe na kinachobaki. Kwa barua uliyoniandikia, sioni hata moja kati ya hizi iliyo wazi. Ile ya tatu inaweza kuwa kweli, ila itathibitishwa na mke wako.

Kuhusu deni dogo lililobaki, utashawishika kulimaliza lote kwa kiinua mgongo ili upumue. Usifanye hivyo kabla hujatenga gharama ya safari, karo, na miezi isiyopungua 9 ya kuishi. Asiye na kazi akimaliza fedha taslimu hakopesheki, hata kama anamiliki nyumba isiyo na deni.

Amebaki mnunuzi na mwisho wa mwezi wake. Hiyo ni tarehe yake, si yako. Mpigie simu kesho, umshukuru, umwambie nyumba haiuzwi kwa sasa. Akiongeza bei, muulize mke wako kabla ya kujibu. Na namba yake iandike kwenye ile karatasi ya tarehe, iwe pamoja na hati.